Ukumbusho: Neno la Kamusi au Mada ya Ensaiklopidia? Ushahidi kutoka Lubumbashi

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili swali linalowakabili wahariri wote wa vitabu vya marejeo: ni wakati gani neno linastahili kuvuka mipaka ya kamusi na kupewa nafasi yake katika ensaiklopidia? Kanuni ya kawaida ni kwamba kamusi hueleza maneno, nayo ensaiklopidia hueleza vitu, watu na matukio. Kanuni hiyo hulegea inapokutana na maneno yaliyobeba historia ya watu. Mfano mmoja ni neno la Kirusi pravda, ambalo wengi tunalifahamu kama jina la gazeti lililoanzishwa mwaka 1912. Katika lugha yake neno hilo hukusanya pamoja maana ya ukweli na maana ya haki. Kwa sababu hiyo kamusi ya falsafa iliyohaririwa na Barbara Cassin na kuchapishwa Paris mwaka 2004, Vocabulaire européen des philosophies, ililitengea makala yake yenyewe. Tunauliza hapa kama neno ukumbusho, jinsi lilivyotumika mjini Lubumbashi, lina haki ya namna hiyo.

2. Umbo na maana

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, neno hili halina fumbo. Ukumbusho ni kitu au jambo linalomfanya mtu akumbuke. Sanamu ya shujaa ni ukumbusho, na picha ya harusi vilevile. Hata hivyo umbo lake lafaa kuangaliwa. Kumbukumbu yahusiana na kukumbuka, tendo linalofanyika ndani ya mtu mwenyewe. Ukumbusho umetokana na kukumbusha, kitenzi cha kusababisha, ambamo pana mtendaji na mtendewa. Anayekumbusha huchukulia kwamba mwenzake amesahau, au kwamba wapo wanaotaka asahau.

3. Ukumbusho mjini Lubumbashi

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974. Yeye na Ilona Szombati-Fabian walichunguza picha za rangi zilizouzwa mjini kwa bei ndogo na kutundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni, na mwaka 1976 walichapisha makala juu yake. Waligundua kwamba ukumbusho lilikuwa neno la msingi katika kueleza thamani ya picha hizo. Picha ilithaminiwa kwa uwezo wake wa kuamsha mazungumzo juu ya mambo yaliyowapata watu.

Aina iliyopendwa sana iliitwa Colonie belge. Ndani yake huonekana ua wa gereza, mfungwa aliyelazwa kifudifudi, askari Mwafrika akimchapa kiboko, na ofisa wa Kizungu akitazama. Mwenye nyumba hakulazimika kuwa ameyashuhudia hayo. Aliitundika ili wageni wayaseme. Na chini ya utawala wa Mobutu, kusema juu ya kiboko cha jana kulikuwa pia njia ya kusema juu ya mateso ya leo.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliendeleza jambo hilo mbali zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi yake, yakiwamo mauaji ya wagomaji wa Union Minière mjini Elisabethville mnamo Desemba 1941. Maandishi yaliyomo pichani kwa kawaida ni ya Kifaransa, bali ufafanuzi aliutoa kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria.

4. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba uzito wa neno hili umetoka kwa mtaalamu mgeni. Hoja hii haina budi kupimwa kwa ushahidi usiomtegemea yeye. Mwaka 1965, kabla Fabian hajafika kufundisha Lubumbashi, André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Jina ni la Kifaransa na lahidi orodha ya msamiati; yaliyomo ni historia ya mji kwa Kiswahili cha Katanga, ikisimuliwa na waliowahudumia mabwana. Fabian aliihariri na kuichapisha mwaka 1990, lakini hakuwa chanzo chake. Sidai kwamba Yav alilifanya neno ukumbusho kuwa dhana. Nadai kwamba tendo lenyewe lilikuwapo. Na mwaka 2001, mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulipotoa kitabu juu ya picha, vitu na masimulizi ya wakazi, neno lililochaguliwa kuwa jina lake ni Ukumbusho.

Pingamizi la pili ni kwamba matumizi haya ni ya mji mmoja na ya miongo michache. Ni kweli, nayo ndiyo habari yenyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi waliletwa kutoka makabila na nchi mbalimbali. Watu wasiokuwa na masimulizi ya ukoo mmoja walijijengea historia ya pamoja, na Kiswahili kikawa chombo chao.

Pingamizi la tatu lasema kwamba tukiliruhusu neno hili, kila neno zito litadai nafasi. Kipimo kipo: je, neno lina watu, kazi na tarehe ambazo haziwezi kuelezwa vema chini ya kichwa kingine? Maneno mengi yatashindwa hapo na kubaki katika kamusi bila aibu.

5. Hitimisho

Habari za picha hizi zikiwekwa chini ya kichwa cha uchoraji peke yake, msomaji atapata rangi na majina ya wachoraji, lakini dai lao kwamba walikuwa wakiandika historia litapotea. Ndiyo sababu nashauri ukumbusho upewe makala yake, yenye kueleza tendo kwanza na neno baadaye, na yenye kutaja wazi mipaka ya ushahidi. Mfululizo wa Tshibumba umehifadhiwa Amsterdam. Makala hayo yangefaa kuandikwa Lubumbashi, na kwa Kiswahili.