Kuku wa Mubi na Maradhi Yatokayo Mbali

Jina la Mubi lajulikana mbali kwa sababu ya mawe. Tangu mwaka 2002 hivi, yalipoanza kuchimbwa machimbo ya Bisie ndani ya msitu, senta hii ndogo ya Teritware ya Walikale, iliyo kwenye barabara kuu iunganishayo Bukavu na Kisangani, iligeuka kuwa soko la kasiterite, yaani jiwe litoalo bati. Vijana walitoka msituni na magunia mgongoni, na ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo ili kuyachukua mawe hayo mpaka Goma. Basi juu ya mawe ya Mubi watu wengi wamekwisha kuandika. Mimi leo nataka kuandika juu ya kuku.

Msomaji asicheke. Huku chini msituni ng'ombe hastawi kama anavyostawi kule Masisi penye majani ya milimani, na hata kule Masisi vita vilivyoanzia sokoni Ntoto katika Walikale, mwezi wa Machi 1993, vilimaliza makundi mengi ya ng'ombe. Mbuzi wapo, lakini si wa kila nyumba. Kuku ni wa kila nyumba. Mtoto akifukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, kuku anakwenda sokoni. Mgeni akija, mkwe akija, baba akitozwa faini na wazee, ni kuku. Mama anapojifungua, mchuzi wake ni wa kuku. Na siku ya sikukuu, wakati wa matoleo, nani asiyemjua yule jogoo aletwaye altareni miguu imefungwa, naye anapiga kelele kuliko waimbaji? Tena mali hiyo mara nyingi ni ya mama mwenyewe. Fedha ya mawe hupita mikononi mwa wanaume na kuishia mahali tunapopajua. Fedha ya kuku hukaa nyumbani.

Wala mali hiyo haidai gharama. Asubuhi mlango hufunguliwa, kuku hutoka, hujitafutia mchwa, panzi na makombo ya mihogo, na jioni hurudi wenyewe. Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji, kwa maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Sasa nieleze habari ya maradhi. Mwaka 1878, katika nchi ya Italia, mwalimu mmjoa wa uganga wa wanyama huko Torino, jina lake Edoardo Perroncito, aliandika juu ya tauni iliyokuwa ikiua kuku kwa ghafula mashambani. Mwaka 1901 wataalamu wengine wa Italia walionyesha kwamba kisababishi chake ni kidogo mno, hata chapenya kwenye chujio linalozuia vijidudu vya kawaida. Siku hizi twaita kitu hicho virusi. Ilibidi kungoja mpaka 1955 ndipo Mjerumani Werner Schäfer alipotambua kwamba tauni ile ya kuku ni ndugu wa mafua yanayowashika watu. Yaani kwa miaka karibu 80 watu waliiona ikiua, nao hawakujua ni ya ukoo gani.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo lililoongeza fujo. Mwaka 1926 ugonjwa mwingine ulionekana mahali pawili vilivyo mbali sana, kisiwani Java na karibu na mji wa Newcastle katika Uingereza. Dalili zake zafanana na tauni ile, lakini virusi vyake ni vya ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1935 ulikuwa umekwisha kufika Mombasa. Watu wa Tanzania huuita kideri, wengine mdondo. Watu wa kwetu husema tu ugonjwa wa kuku, na kila mama wa Mubi aujua bila kufundishwa: kuku husinzia, mavi yake ni ya kijani, shingo hupinda, na baada ya siku chache kati ya kuku kumi hubaki wawili. Huo si mafua ya ndege. Huo ndio uliokula kuku wa nyanya zetu, na ungali unawala wa kwetu.

Mafua ya ndege yenyewe yalikuwa bado mbali. Walakini Afrika haikuwa nje ya habari. Mwaka 1961, pwani ya Afrika Kusini, buabua wengi, wale ndege weupe wa majini, walikufa kwa mamia, nao wataalamu walipowapima waliona virusi vya mafua ndani yao. Ilikuwa mara ya kwanza virusi hivyo kupatikana katika ndege wa mwituni. Mpaka hapo watu walidhani ni ugonjwa wa kuku wa nyumbani tu.

Kisha ikaja Hong Kong. Mwaka 1997 mafua ya aina ya H5N1 yalitoka katika kuku yakawashika watu 18, na 6 kati yao walikufa. Serikali ya kule iliamuru kuku wote wa mji wauawe, zaidi ya milioni moja kwa siku chache. Tangu hapo ndipo ulimwengu ulipoanza kuogopa kuku. Mwaka 2003 katika Uholanzi, aina nyingine ilipozuka, ndege wapatao milioni 30 waliuawa, na mganga mmoja wa mifugo alifariki kwa ugonjwa huo. Nchi za Ulaya zikaweka desturi ambayo hata leo huirudia mara kwa mara: ugonjwa ukikaribia, kila mwenye kuku, awe na elfu kumi au watatu, amri ni kuwafungia ndani, wasichanganyike na ndege wa mwituni.

Mwezi wa Februari 2006 ugonjwa ulifika Nigeria, katika shamba kubwa la jimbo la Kaduna. Mwezi uleule ukaonekana Misri. Nataka nikae kidogo kwenye nchi hizi mbili, maana zilifanya njia mbili tofauti, na watu wao ni wafugaji kama sisi.

Katika Misri, hata ndani ya mji wa Cairo, akina mama walikuwa wakifuga kuku na bata juu ya dari za nyumba. Serikali ilikataza. Askari walipanda ngazi kuwatafuta ndege. Mama wa watu akafanya nini? Akawaficha. Kuku aliyekuwa juu ya dari, penye jua na upepo, akaingizwa chumbani wanapolala watoto. Katika miaka iliyofuata, Misri ilizika watu zaidi ya 100 kwa ajili ya ugonjwa huo, na wengi wa walioambukizwa walipata kwa kuku wa nyumbani, si kwa kuku wa mashamba makubwa. Sisemi kwamba amri peke yake iliwaua, virusi vilikuwapo. Lakini amri isiyompa mtu njia ya kuitii huusukuma ugonjwa gizani, na gizani hauonekani mpaka umshike mtoto.

Katika Nigeria serikali iliahidi naira 250 kwa kila kuku aliyeuawa. Ilikuwa chini ya bei ya soko, na malipo yalikawia, na wengi walinung'unika. Hata hivyo mwenye kuku alikuwa na sababu ya kupeleka habari. Nani atakwenda kujishitaki bure? Kuku aliyekufa leo asubuhi aweza kuliwa leo mchana, au kuuzwa upesi kwa mpita njia kabla hajaonekana mgonjwa. Hayo hufanyika, twayajua.

Basi tukaribie kwetu. Mwezi wa Januari 2017, katika ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, wavuvi waliona ndege wengi wamekufa juu ya maji. Walikuwa buabua wenye mabawa meupe. Ndege hao huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja kukaa Lutembe wakati wa baridi ya kwao, zaidi ya milioni moja. Tazama, miaka 56 baada ya wale wa Afrika Kusini, buabua tena! Ugonjwa uliitwa H5N8. Kuku na bata wa nyumbani upande wa Masaka nao walipatwa. Mara Kenya na Rwanda zikakataza kuku na mayai ya Uganda yasivuke mpaka, na wafanyabiashara walioishi kwa vifaranga vya Uganda wakakaa mikono mitupu.

Miezi michache baadaye, mwaka uleule wa 2017, H5N8 ilithibitishwa katika nchi yetu, huko Ituri, vijijini kando ya Ziwa Albert upande wa Djugu na Mahagi. Bata na kuku walikufa. Kwa neema, hakuna mtu wa kule aliyejulikana kushikwa.

Toka Ziwa Albert hata Mubi ni mbali, na katikati pana msitu. Buabua hana kazi katika msitu wa Walikale. Kwa hiyo wako wasemao: hayo ni mambo ya watu wa maziwa. Nami nawajibu kwamba virusi havihitaji mabawa. Hukaa katika mavi ya ndege, katika tope lililonasa kwenye viatu, katika tenga la mchuuzi lililobeba kuku wa soko moja na kesho labeba wa soko jingine, katika vibao vya mayai vinavyorudishwa bila kuoshwa. Jua kali na sabuni huviua. Unyevu na kivuli huvitunza. Na Walikale tuna unyevu na kivuli kuliko watu wote! Pia senta ya machimbo hula kuku kuliko inavyofuga. Tangu zamani za Bisie, chakula kimeingia Mubi kutoka pande zote, kwa ndege, kwa lori, kwa pikipiki na kwa miguu. Palipo na fedha, matenga hufuata.

Sasa amri ya kuwafungia ikija hapa, itakuwaje? Nilisema msomaji akumbuke: kuku wetu hujilisha mwenyewe. Mkulima wa Uholanzi akifunga mlango, ana gunia la chakula ndani. Mama wa Mubi akifunga mlango, amlishe nini? Mahindi ambayo watoto hawana? Kuku kumi waliofungwa mwezi mzima watamaliza thamani yao wenyewe. Naye atakayepita kuhakikisha amri hiyo ni nani? Mwezi wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23. Mwezi wa Machi vita vilifika Walikale penyewe, watu wakakimbilia msituni, na wale wapiganaji walipoondoka mwanzo wa Aprili wengi walikuta banda tupu. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa kuku na wenye bunduki hawezi kumtambua upesi yule ajaye kuwachukua kwa ajili ya afya.

Hatuko gizani kabisa, lakini. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Kivu ya Kaskazini iliishi na Ebola. Mwaka 2019 ugonjwa huo ulionekana hata Pinga, katika Teritware yetu ya Walikale. Mwanzoni watu walibisha, wengine walificha maiti. Baadaye ndoo za kunawia mikono ziliwekwa kila mlango, hata mlango wa kanisa, nasi tukajifunza kutopeana mkono wa amani. Tulijifunza si kwa kuogopa askari, bali kwa kusikia jirani tunayemwamini akieleza kwa lugha yetu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuku ni ileile: kunawa kwa sabuni baada ya kumshika kuku, kutomchinja aliye mgonjwa, kumzika aliyekufa ndani ya shimo refu badala ya kumtupa mtoni, kupika nyama hata damu isionekane, kumweka kuku mgeni peke yake wiki mbili kabla ya kumchanganya na wenzake. Haya hayahitaji gunia la mahindi.

Liko gumu moja. Kuku wakifa wengi kwa mara moja, ni ugonjwa upi? Kwa macho, hata mganga aweza kudanganyika. Mafua makali huua kwa ghafula, pengine upanga wa kichwani huvimba na kuwa wa rangi ya zambarau, na miguu huwa na madoa ya damu. Kideri kwa kawaida humwacha bata. Basi bata wakifa pamoja na kuku, tilia shaka zaidi. Lakini kujua kwa hakika ni kazi ya maabara, na maabara iko mbali. Na kwa kuwa kuku wetu hufa karibu kila mwaka, kifo cha kuku hakimshtui mtu. Hapo ndipo hatari ilipo. Siku mafua ya ndege yatakapokuja, yatapita yamevaa nguo za kideri, na hakuna atakayepeleka habari kwa mganga wa mifugo.

Dawa ya kuzuia kideri ipo. Chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumika sana Msumbiji na Tanzania, huvumilia siku kadhaa bila barafu, jambo kubwa mahali pasipo umeme. Haizuii mafua ya ndege hata kidogo. Lakini palipo na kuku waliochanjwa, banda likifa ghafula watu hushtuka, na anayeshtuka huuliza. Ni tone moja katika jicho la kila kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja chatosha kuku mia na zaidi, na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu. Kwa hiyo mama mwenye kuku watano hawezi kukinunua peke yake. Yabidi nyumba kumi au ishirini zipatane siku moja, zichange, na ziamke kabla ya jua, maana baada ya mlango kufunguliwa nani atamkamata jogoo wa Mubi?