Wazoa taka, kutoka Tabata hadi Bunju

Biashara ya kuzoa taka Dar es Salaam ina mzizi wake mahakamani. Wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na nzi wa dampo la jiji, waliishitaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Halmashauri iliomba muda, ikaomba tena, hadi dampo likafungwa 1991. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi, mbali kuliko kote huko.

Miaka hiyo magari ya Halmashauri mengi yalikuwa mabovu, na taka nyingi zilibaki mitaani. Mwaka 1994 kampuni ya Multinet Africa ilipewa kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya jiji. Mwaka 1996 Halmashauri ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na Tume ndiyo iliyowapanulia mlango wazoaji binafsi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kampuni nyingine na vikundi vya wakazi, wengi wao kina mama na vijana, walikuwa wamegawiwa maeneo yao. Shirika la Kazi Duniani liliwasaidia kwa mafunzo. Mpango wenyewe ulikuwa huu: eneo ni lako peke yako, uzoe, ukusanye ada mwenyewe mlango kwa mlango. Hakuna mshahara, kuna haki ya kudai. Ndiyo maana kazi hii imewalea waliojua kuishi na watu, na imewafilisi wengi waliokuja na magari tu.

Bunju, kata ya pembezoni mwa jiji, ilikua baadaye, nyumba zikiifuata Barabara ya Bagamoyo kupita Tegeta na Boko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwahamishia waathirika wa mabondeni Mabwepande, jirani kabisa, na kaya zikaongezeka. Huku ndani barabara nyingi ni za vumbi, na mvua za masika zikianza zinakuwa tope. Gari kubwa haliingii. Kinachoingia ni kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, au guta la magurudumu matatu: kijana anagonga geti, mama anatoa kiroba cha salfeti kimefungwa kwa kamba ya katani, kijana mwingine juu ya mzigo anakipokea, anachambua chupa na makopo palepale na kuvitia kando kwenye mfuko wake. Vitu hivyo atamuuzia mnunuzi wa chakavu, na mara nyingi ndiyo nauli yake ya jioni.

Kinachobaki kinatakiwa kuvuka jiji zima hadi Pugu, na mafuta ya safari hiyo ndiyo yanayoila ada ya mkazi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kata za pembezoni zinapoonewa. Nafuu ipo jirani: kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na jiji la Hamburg la Ujerumani, jiji dada la Dar es Salaam tangu 2010, kwa ajili ya taka za masoko.

Naiomba Manispaa iwafungulie wazoaji wa Bunju njia ya kupeleka huko maganda na mabaki ya majumbani. Nawe mkazi, tenga ndoo ya maganda, lipa ada kwa wakati, udai stakabadhi.