Safu ya Lugha: Steringi

Mitaani Dar es Salaam, steringi ni mhusika mkuu wa filamu. Neno lina asili ya Kiingereza, likakulia kwenye vibanda vya video, enzi za watafsiri wa filamu kama Lufufu, na likaja na sheria yake: steringi hafi.

Sasa lisikilize kwenye banda la gemu Vingunguti. Kijana mwenye padi mkononi hasemi "steringi amekufa". Anasema "nimekufa", kisha anaanza upya. Nafsi ya tatu imegeuka ya kwanza, na humo ndimo ilimo nguvu ya hadithi za gemu.

Chukua gemu ya Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018. Steringi wake, Arthur Morgan, ni jambazi anayetumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa. Unabonyeza, anampiga, mkulima anamkoholea damu usoni. Saa nyingi za kucheza baadaye, daktari anamwambia Arthur ana kifua kikuu. Kwenye filamu ungesema amejitakia mwenyewe. Hapa ngumi umeirusha wewe, na kikohozi unatembea nacho wewe, mpaka mwisho ambapo Arthur anakufa, uchague njia yoyote ile. Sheria ya vibanda vya video imevunjwa, tena mikononi mwako.

Anayetokwa na machozi hapo namwelewa kabisa. Hajadanganywa na kioo. Kamusi itakayoliingiza neno steringi iandike maana zote mbili: yule tunayemtazama, na yule ambaye mchezaji humwita mimi.