Jiwe la Bibi limeishia kwenye msingi

Najua nimepotea, lakini si mnajua mambo ya chuo: testi juu ya testi, foleni ya chakula, na maktaba ukichelewa hupati kiti. Leo kuna kitu kinanikaa moyoni, ngoja nikitoe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyamuswa. Nikauliza, jiwe la kusagia la Bibi liko wapi? Lilikuwa nyuma ya jiko miaka yote, katikati limebonyea kwa kusagia ulezi na mtama. Binamu yangu akacheka: "Dada, lile limeingia kwenye msingi wa nyumba mpya."

Jamani, Mara nzima ni miamba, wakaona hilo tu! Lakini nilishindwa hata kumgombeza. Bibi alishafariki, na mimi ninayejiita mwanafunzi wa historia sikuwahi kumwuliza jiwe lile lilitoka wapi. Shule ya msingi tulipelekwa makumbusho ya Mwalimu pale Butiama, jirani tu, na vile vikaratasi vya maelezo nilivipita mbio. Nilidhani kazi ya makumbusho ni kufuta vumbi.

Wiki hii nimesoma habari za James Kirkman, Mwingereza aliyepewa magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948. Gedi ni mji wa mawe ya matumbawe. Watu waliuhama karne ya 17, msitu ukaumeza. Tumbawe likitolewa baharini ni laini, fundi analichonga atakavyo, likikauka linakuwa gumu. Ndiyo maana nakshi za mihrabu za pwani zimedumu. Kule Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi kwenye ukuta wa msikiti ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Gedi nako kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kirkman alilishika hilo pamoja na vipande vya vyombo vya China na Uajemi, akaanza kupanga kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Nyumba nazo akazipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Nilicheka, halafu nikaona mantiki yake. Mkasi ukitolewa Gedi ukawekwa kabatini, jina la nyumba linabaki kukumbusha ulitoka wapi.

Baadaye akawa mhifadhi wa kwanza wa Fort Jesus, Mombasa. Ngome ile Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Alikaa hadi 1972.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Mtu huyu aliyetunza mawe yetu vizuri namna hiyo aliandika, katika kitabu chake cha 1964, kwamba majengo ya kale ya pwani si ya Waafrika bali ya Waarabu na Waajemi. Jiwe zuri, kikaratasi kibovu! Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti midogo ya miti na udongo, ya zamani zaidi, hadi karne ya 8. Maana yake mji ulikua palepale, hatua kwa hatua, haukuja na jahazi ukiwa umekamilika. Leo wanahistoria wengi wanakubali kwamba miji ile ni ya Waswahili wenyewe.

Lakini tumtendee haki. Kirkman aliandika kila kitu kilikutwa wapi na kina gani. Kwa hiyo waliokuja baada yake waliweza kubishana naye. Angekusanya tu vitu vizuri bila maelezo, wangebishana na nini?

Na jamani, msidhani ni sisi tu. Istanbul kuna birika kubwa la maji la chini ya ardhi, la karne ya 6, enzi za mfalme Justinian wa Bizanti. Nguzo mbili zimekalia mawe yaliyochongwa vichwa vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Fundi alitaka jiwe la kimo kinachofaa, basi. Mpaka leo hakuna mwenye hakika vilitoka jengo gani. Binamu yangu ana wenzake!

Jana nikampigia Mama. Akasema, "Mwanangu, bibi yako alikuja nalo alipoolewa, alipewa na mama yake. Zaidi ya hapo angejua yeye." Nimeandika kwenye daftari: jiwe la kusagia, limetoka kwa mama yake Bibi, sasa liko kwenye msingi, Nyamuswa. Mistari miwili, ndiyo yote tuliyobaki nayo.

Halafu nikampigia binamu nikamwomba upande ule asipige plasta. Akasema sawa, ila nimtumie hela ya saruji. Boom lenyewe halijatoka.

Wewe unayesoma, kama bibi yako yupo, mpigie leo. Mimi nawahi kipindi cha saikolojia. Tuonane wiki ijayo.