Kipaji cha Turkana na Orodha za Wapimaji

Mwaka 1988 ulipoanza, Paul Ereng hakuwa na sifa yoyote katika mita 800. Mturkana huyu aliyezaliwa Kitale na kusomea Starehe, Nairobi, alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Alihamia mbio ndefu zaidi akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Kwenye mchujo wa Kenya alimaliza wa tatu, akaponea hapo. Septemba, mjini Seoul, aliwapita Joaquim Cruz wa Brazil na Said Aouita wa Morocco, akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1:43.45. Orodha ya vijana wa kutazamwa ingeandikwa miezi tisa kabla ya siku hiyo, isingekuwa na sababu ya kumtaja.

Huko Marekani alikokuwa Ereng, kuwapima wanafunzi wa sekondari ni biashara kamili siku hizi. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, Rivals, 247Sports na ESPN huwapa vijana nyota, na tano ndiyo daraja la juu. 247Sports hulenga wachezaji 32 wa nyota tano kila mwaka, sawa na nafasi za raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi yao kuu. Ukiziweka orodha hizi pamoja, hazipishani sana juu ya vinara, na mwenye nyota tano kweli hufika NFL kwa urahisi kuliko mwenye tatu. Kwa hilo zinastahili heshima. Lakini Josh Allen, mtoto wa mkulima kutoka Firebaugh, mji mdogo wa mashambani California, alimaliza sekondari bila chuo kikubwa kumtaka. Mwaka 2018 akateuliwa wa saba katika NFL. Naamini hapa ndipo pa kuzipimia huduma hizi: kwa watoto wa kule ambako wapimaji hawafiki.

Turkana ni kule. Kenya haina nyota za kugawa. Ina ngazi za michezo ya shule, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, taifa, kisha Afrika Mashariki. Shule ya Lodwar, mji mkuu wa Turkana, ikishinda katika kaunti, inaingia kanda ya Bonde la Ufa na kukutana na Nakuru, Uasin Gishu na Trans Nzoia. Kutoka Lodwar hadi Kitale peke yake ni kilomita 300 hivi. Timu ikitolewa mapema, kijana wake bora ametazamwa kwa mechi chache, akiwa na uchovu wa safari, na skauti ameshageukia wengine. Ngazi hii hupima timu vizuri. Kumpima mtoto mmoja ni kazi nyingine.

Kakuma, kilomita 120 hivi zaidi ya Lodwar, ina ushahidi mzito. Kambi yake ya wakimbizi ilianzishwa 1992. Mkimbiaji Lopez Lomong aliishi humo karibu miaka kumi, akaondoka 2001, na mwaka 2008 akabeba bendera ya Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing. Mwanasoka Awer Mabil, aliyezaliwa kambini 1995, alihamia Australia akiwa na miaka kumi. Juni 2022 alifunga penalti dhidi ya Peru katika mikwaju iliyoipeleka Australia Kombe la Dunia. Wote wawili walianza kuhesabiwa baada ya kuondoka.

Mwaka 2015 mtu alikuja kutazama hapohapo. Taasisi ya Tegla Loroupe, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, iliendesha mchujo Kakuma, na waliochaguliwa wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Rose Nathike Lokonyen alikimbia kilomita 10 bila viatu, akawa wa pili. Yiech Pur Biel alikuwa mtu wa soka zaidi. Watano kutoka mchujo huo walikwenda Rio 2016 katika Timu ya Wakimbizi, na Rose ndiye aliyebeba bendera.

Ningependa mwalimu wa michezo anayeandika muda wa mtoto leo, Lodwar au Kakuma, aandike kando yake kama alikuwa na viatu, na ameanza mazoezi lini. Rio, Rose alikimbia mita 800 kwa 2:16.64. Kwa nyota za Marekani angekuwa ameshawekwa kando. Mwaka 2021, Tokyo, baada ya miaka ya kufundishwa, alikimbia 2:11.87.