Kabla ya Leseni: Kijana wa Tabora Alivyoipata Bunduki Enzi za Misafara

Jamaa anaingia dukani Dar es Salaam, nguo zimenyooka, saa kali mkononi, na mfukoni ana kibali cha kumiliki bastola. Hajakiokota. Ameanzia kwa viongozi wa mtaa wake, polisi wamemchunguza, kamati za usalama zimempitisha, na imebidi aeleze anaitakia nini silaha na ataihifadhi wapi. Muuzaji anasoma karatasi, analinganisha namba ya silaha, anaandika. Ndipo mzigo unatoka kabatini.

Wengi wanadhani mambo haya ya kibali, namba na maswali mengi yameanza juzi. Hapana. Ukitaka kujua yalikoanzia, panda treni ya kati mpaka Tabora, teremka, uulize habari za vijana ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Wapagazi na rugaruga, vijana wa Kinyamwezi na wengine wa kila kabila waliokuja kuwa watu wa bunduki. Wao walikuwa na silaha kabla nchi hii haijawa na askari polisi hata mmoja.

SAFARI YA KUFUATA BUNDUKI

Mwaka 1857 Burton na Speke walipofika Tabora, wakati ule wakiiita Kazeh, walikuta mji wa biashara umeshachangamka. Waarabu wamejenga matembe, wana mashamba, na pembe za ndovu zinapangwa kama kuni. Njia ilikuwa moja kubwa: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, mpaka Ujiji. Kule Ugogo msafara haukupita bure, ulilipa hongo. Ndiyo, neno ni hilohilo. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa halali kabisa, anaulipwa mtemi mchana kweupe.

Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani ilikuwa kama jando la pili. Aliyekuwa hajaona bahari alionekana bado mtoto. Basi anajitwisha mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, anatembea miezi mitatu au zaidi. Kiu, njaa, ndui, wezi wa porini. Wengine hawakurudi.

Aliyerudi alirudi na nini? Merikani, yaani kile kitambaa cheupe cha kutoka Marekani. Shanga. Waya wa shaba. Na aliyejinyima vya kutosha, akaweka ujira wake pamoja na kipembe chake mwenyewe alichouza, alirudi na bunduki begani. Hakuna fomu, hakuna picha ndogo mbili, hakuna aliyemuuliza ataihifadhi wapi.

Hapo kijijini mambo yanabadilika. Jana alikuwa mtoto wa fulani. Leo wazee wanampisha njiani.

ZILITOKA WAPI ZOTE HIZO?

Swali zuri. Bunduki za gumegume, zile zinazowaka kwa jiwe, hazikufuliwa Unyamwezi. Zilikuja kwa meli mpaka Unguja, zikavushwa Bagamoyo, zikapandishwa bara kwa vichwa vya watu.

Kuna kituko kimoja cha mwaka 1833. Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alisaini mkataba wa biashara na Wamarekani. Ndani yake kulikuwa na sharti kuhusu bunduki na baruti: katika kisiwa cha Zanzibar zisiuzwe kwa mtu yeyote isipokuwa serikali yake. Katika bandari zake nyingine? Ruksa, uza utakavyo. Yaani mzee alifunga mlango wa nyumba yake, akaacha wa jirani wazi. Alijua vizuri silaha ni kitu gani. Hakutaka tu ziwe karibu na kitanda chake.

Baadaye hali ikawa mbaya zaidi. Majeshi ya Ulaya yalianza kutumia bunduki mpya zinazojazwa risasi kwa nyuma, na zile kuukuu za kushindilia kwa mbele zikakosa kazi. Unafanya nini na maghala yaliyojaa vyuma visivyotakiwa? Unatafuta soko mbali. Mitumba haikuanza na nguo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika kila mwaka kupitia soko hilo. Hapo hakuna gari wala reli. Kila moja ilibebwa na mtu.

NA ILIPIGAJE?

Usidhani ni kama sinema. Kijana anamimina baruti mtutuni, anashindilia kwa mti, anatia risasi, anashindilia tena, anaweka baruti kidogo kwenye kijungu, ndipo anavuta. Mvua ikinyesha amebaki na gongo. Baruti ikiwa mbovu, inafuka moshi tu. Ikizidishwa, mtutu unaweza kupasuka na kuondoka na vidole vya mwenyewe. Kulenga nako ni bahati, maana mtutu laini ulirusha risasi ilivyopenda.

Lakini mlio! Huo ndio uliokuwa mali. Msafara ukikaribia mji, watu walivaa nguo safi, wakapandisha bendera, wakapiga bunduki hewani mpaka bonde zima likasikia. Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliingia kwa mtindo huohuo. Baruti ya thamani ilichomwa kwa ajili ya kuonekana tu. Leo mtu akishika bastola na kujipiga picha ya kutupia mtandaoni, asidhani amebuni kitu. Babu zake walishaposti kwa moshi.

VIJANA WA MIRAMBO

Sasa weka pamoja mambo mawili: vijana wengi wasio na ng'ombe wala shamba, na bunduki nyingi za bei ya chini. Jibu lake lilikuwa rugaruga.

Hawa walikuwa vijana wa kila namna. Wapagazi waliotoroka misafara, mateka wa vita, watumwa waliokimbia, watoto waliopoteza ukoo. Walijipamba kwa manyoya na vitambaa vyekundu, walivuta bangi, na walilipwa kwa walichoteka. Mtu aliyewajua kuwatumia kuliko wote alikuwa Mirambo, mtemi aliyeanzia Uyowa, magharibi ya Tabora, akajenga dola na makao yake Urambo.

Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakakasirika, wakakusanya jeshi, na Stanley akaungana nao akiamini ni kazi ya siku chache. Walikiteka kijiji cha Wilyankuru, wakabeba pembe na mateka, wakawa wanarudi wakijipongeza. Njiani wakaviziwa majanini, wakachinjwa. Muda mfupi baadaye Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na mfanyabiashara mkubwa Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kufika Ujiji.

Hapa ndipo pa kutafakari. Mirambo alikuwa na watu, alikuwa na bunduki na akili za vita alikuwa nazo. Kitu ambacho hakuwa nacho ni kiwanda. Kila kipimo cha baruti alichochoma kilitoka pwani, kwa watu walewale aliopigana nao au kwa jamaa zao. Ndiyo maana alitafuta urafiki na balozi wa Uingereza Zanzibar, akafanya biashara na Mswisi Philippe Broyon, akawakaribisha wamisionari. Wengine wanamwita Napoleon wa Afrika, jina alilopewa na Stanley. Lakini hata Napoleon huyu alikuwa anangoja mzigo wa dukani.

Na rugaruga wake je? Kijana aliyekuwa hana kitu alipata bunduki, akapata jina, akaogopwa. Baruti ikiisha, alirudi kuwa mtu mwenye bomba la chuma. Heshima yake ilikuwa ya kukodi.

RISASI HAINA RAFIKI

Mwaka 1879 daktari mmisionari, Ebenezer Southon, alifika Urambo. Mirambo alimpenda. Mtu huyu alikuja kuganga, akakaa kwenye nchi ambayo kila mtu wa vita alikuwa na silaha. Alipona homa, alipona vita. Mwaka 1882 akapigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya. Hakuna aliyekusudia. Jeraha likaharibika, mkono ukakatwa, na bado hakupona. Amezikwa hukohuko Urambo.

Anayenunua bastola leo hufikiria jambazi atakayemkuta. Ni wachache wanaofikiria mtoto wa miaka mitano, droo ambayo haikufungwa, au rafiki anayesema "hebu nione".

LESENI YA KWANZA

Mwaka 1890 ulikuwa na mambo. Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora. Mwaka huohuo, tarehe 2 Julai, wakubwa wa dunia walisaini mkataba mjini Brussels wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake waliandika pia habari za silaha: kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka 22 kusini, ni marufuku kuingiza bunduki, hasa zile za kisasa, pamoja na baruti na risasi zake.

Isipokuwa kwa wachache. Mtu atakayetoa uhakika kwamba hatampa wala kumuuzia mwingine. Msafiri mwenye barua ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujilinda mwenyewe. Silaha itiwe alama na iandikwe kwenye daftari. Mwenyewe apewe leseni yenye jina lake na alama ya silaha yake. Leseni ni ya miaka mitano, inaweza kuongezwa, na akiitumia vibaya inafutwa.

Soma tena hapo. Jina, alama, daftari, kujilinda, kufutwa. Ndiyo karatasi ya yule jamaa wa dukani, miaka zaidi ya mia iliyopita.

Tofauti ni nani alikuwa anaulizwa na nani alikuwa anajibu. Mkataba ulisema unazuia watumwa kuwindwa, na ni kweli bunduki ziliwinda watu wengi sana kwenye njia hiyo. Lakini waliousaini walikuwa wanagawana bara hilohilo, na bunduki zao za kisasa hazikuguswa. Kijana wa Unyanyembe alibakiziwa lile gobore la mtutu laini, tena kwa ruhusa. Mwenye bunduki ya kisasa akawa Mzungu na askari wake.

Mtemi Isike wa Unyanyembe aliuona mchezo huo mapema. Alikataa, akajifungia ndani ya boma lake imara karibu na Tabora, akawarudisha Wajerumani zaidi ya mara moja. Januari 1893 Tom von Prince akaja na mizinga, boma likavunjwa. Isike aliona hana tena pa kukimbilia, akaingia kwenye ghala lake la baruti, akaiwasha. Ile baruti iliyotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, mzigo kwa mzigo, ikaondoka yote kwa mlipuko mmoja. Wajerumani walimtoa akiwa bado anapumua, wakamnyonga.

MPAKA LEO

Nchi ilipopata uhuru ilirithi daftari, lakini safari hii anayeuliza na anayejibu ni wananchi wa nchi moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya 1991. Tanzania pia imo kwenye Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayotaka kila silaha iwe na alama na iandikwe. Na kwenye mapori ya magharibi bado polisi na askari wa wanyamapori hukamata magobore, mengine yakiwa yametengenezwa mtaani, yakishindiliwa kwa mbele vilevile kama enzi za mababu. Mwaka 2022, Septemba na Oktoba, serikali ilitoa muda wa watu kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa.

Tabora yenyewe imetulia. Miembe ya njia ya msafara bado inatoa kivuli, tembe la Livingstone lipo Kwihara, na kambi ya jeshi inaitwa Mirambo. Anayepita hapo na bodaboda hawezi kujua ni vijana wangapi walipita wakihema chini ya mzigo, wakiota bunduki.

Wale hawakuulizwa swali hata moja. Waliuziwa tu, kwa sababu aliyewauzia hakujali ingempata nani. Hakujali kama mtutu ungepasuka, kama risasi ingempiga mganga, kama baruti ingemwisha mtemi wake. Walihesabiwa kwenye ripoti kama bunduki, 80,000 mpaka 100,000, si kama watu.

Ndiyo maana jamaa wa dukani asinune akiulizwa maswali. Anaulizwa jina lake, analinda nini, ataiweka wapi, nani anamfahamu mtaani. Yanachosha, ni kweli. Lakini safari hii, kwenye biashara hii ndefu, muuzaji anatakiwa ajue anamuuzia nani.