Mombasa ya mwaka 2552: Matarajio ya mashabiki iwapo Halo itarudi kisiwani

KATIKA historia ya michezo ya video, ni miji michache ya Afrika iliyopata umaarufu uliopata Mombasa. Mfululizo wa Halo, uliobuniwa na kampuni ya Bungie ya Marekani na kuuzwa na Microsoft, umekifanya kisiwa hiki kuwa uwanja wa vita vya mwaka 2552, wakati ambapo wanadamu wanaitetea dunia dhidi ya Covenant, muungano wa viumbe kutoka anga za mbali. Wachezaji wengi ambao hawajawahi kukanyaga Pwani ya Kenya wanalifahamu jina la Mombasa kwa sababu ya mchezo huu.

Hata hivyo, Mombasa wanayoifahamu imebeba majina ya mji huu bila ya umbo lake. Ndiyo sababu swali la jinsi mwendelezo mwingine unavyopaswa kubuniwa linamhusu mkazi wa Mji wa Kale kama linavyomhusu shabiki wa mchezo wenyewe.

Halo ni mchezo wa nafsi ya kwanza. Mchezaji hamtazami mhusika kwa nje, bali huona kila kitu kupitia macho ya mhusika huyo. Katika michezo ya aina hii, mji ndio unaojaza macho ya mchezaji tangu mwanzo hadi mwisho. Mji ukikosewa, mchezo wote huwa umekosea.

Ahadi ya mwaka 2003

Safari ya Mombasa katika Halo ilianza kwa onyesho lililofanywa mjini Los Angeles mnamo Mei 2003, katika maonyesho ya kila mwaka ya michezo ya video yaliyojulikana kama E3. Bungie ilionyesha sehemu ya Halo 2 ambayo shujaa wake, Master Chief, anateremka katika mitaa ya New Mombasa iliyozingirwa na adui. Onyesho hilo liliamsha matumaini makubwa miongoni mwa mashabiki. Lakini mtambo wa Xbox wa wakati huo haukuweza kuubeba mchezo mzima kwa kiwango kile cha picha, na sehemu hiyo ikatupwa.

Halo 2 ilipotoka Novemba 9, 2004, mauzo yake yalifikia dola milioni 125 katika saa 24 za kwanza nchini Marekani na Canada. Matangazo yalikuwa yamesisitiza ulinzi wa dunia, ilhali Mombasa ilipewa hatua mbili tu kamili: Outskirts, inayochezwa katika vichochoro vya Mombasa ya kale, na Metropolis, inayoingia katika jiji jipya. Baada ya hapo hadithi ilihamia mbali na dunia, na mchezo ukakatika ghafla kabla vita havijaamuliwa. Mashabiki wengi walilalamika kwamba walipewa ahadi ya kuitetea dunia kisha wakaondolewa mapema.

Halo 3, iliyotoka Septemba 25, 2007, ilirudi Kenya lakini si kisiwani. Vita vilihamia bara, katika barabara kuu ya Tsavo na mji wa Voi, ambako adui alikuwa akifukua mtambo mkubwa uliozikwa ardhini tangu zama za kale.

Jibu la kilio cha mashabiki lilipatikana Septemba 22, 2009, kwa kutolewa kwa Halo 3: ODST. Mchezo huo ulitangazwa kwanza mwaka 2008 kwa jina la Halo 3: Recon. Ndani yake mchezaji si shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, bali ni askari mgeni aliyepotezana na wenzake, anayetembea peke yake usiku katika mitaa mitupu ya New Mombasa, akitafuta ishara za mahali walikopitia. Kila kitu anachookota humrudisha katika tukio la mchana uliotangulia. Kati ya michezo yote ya mfululizo huu, huu ndio uliokaribia zaidi hadithi ya upelelezi, na ndio uliotoa nafasi zaidi ya kuuchunguza mji. Ulisifiwa kwa muziki wake wa huzuni, uliotungwa na Martin O'Donnell na Michael Salvatori. Ulilaumiwa pia, kwa kuwa mfupi na kwa mitaa inayofanana mno.

Tangu hapo Mombasa imeonekana kwa vipande. Halo Infinite ya mwaka 2021 ina viwanja viwili vya mapambano vilivyowekwa huko: Bazaar, ambao ni soko la Mombasa ya kale, na Streets, ambao ni mitaa ya New Mombasa usiku. Mnamo Oktoba 2025 ilitangazwa Halo: Campaign Evolved, ambayo ni utengenezaji upya wa mchezo wa kwanza wa mwaka 2001. Hadithi ya mchezo huo wa kwanza haifiki duniani. Hivyo basi mwendelezo wa ODST katika mitaa ya Mombasa umebaki kuwa jambo la kutumainiwa.

Kwa nini Mombasa?

Katika hadithi ya Halo, New Mombasa ni bandari yenye lifti kubwa inayopandisha mizigo kutoka ardhini hadi anga za juu. Wazo hilo lina mantiki ya kisayansi. Lifti ya namna hiyo, kama ingewezekana kujengwa, ingefaa kuwekwa karibu na Ikweta, na Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini mwa mstari huo.

Aidha, Pwani ya Kenya imewahi kuwa lango halisi la kuelekea angani. Mnamo Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Mwendelezo wa Halo ukilikumbuka tukio hilo utakuwa umeifunga hadithi yake na historia ya mahali penyewe bila ya kuhitaji kubuni chochote.

Majina yapo, mji haupo

Anayeijua Mombasa akicheza ODST hukutana na majina aliyoyazoea. Kuna Kizingo Boulevard, na Kizingo ni eneo la kusini mwa kisiwa, karibu na bustani ya Mama Ngina. Kuna kituo cha Kikowani, na Kikowani ni jina la mahali hapo hapo kisiwani. Kuna Tayari Plaza, inayomkumbusha mwenyeji Mwembe Tayari. Ni wazi kwamba wabunifu waliitazama ramani.

Lakini ramani hiyo iliishia kwenye majina. Katika Halo 2 mchezaji huanzia Mombasa ya kale, kisha huvuka daraja refu ili kuingia katika jiji jipya. Katika hali halisi, Mji wa Kale haupo ng'ambo ya daraja. Umo ndani ya kisiwa chenyewe, upande wa mashariki, ukitazamana na mlango wa bahari unaoingia Bandari ya Kale. Mtu hutoka Mji wa Kale na kuingia katikati ya jiji kwa miguu. Daraja la Nyali liko kaskazini mwake, kivuko cha Likoni kiko kusini mwa kisiwa, na barabara ya Makupa inakiunganisha kisiwa na bara upande wa magharibi.

Majina ya watu nayo yana walakini. ODST ina hadithi ya pembeni inayosikika kupitia rekodi 30 za sauti zilizotawanywa mitaani, kuhusu msichana Sadie Endesha anayemtafuta baba yake. Ni hadithi ya kugusa moyo. Hata hivyo, msikilizaji wa Kiswahili hawezi kukosa kutabasamu, kwa sababu "endesha" si jina la ukoo bali ni amri anayopewa dereva. Na ingawa hadithi yote inafanyika Mombasa, lugha inayotawala ni Kiingereza.

Matarajio manne

La kwanza ni mpangilio wa mji. Malalamiko ya mwaka 2009 kwamba mitaa ya ODST inafanana yana dawa yake katika Mji wa Kale, ambako hakuna vichochoro viwili vinavyofanana. Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake limehifadhi matamshi ya Kimvita, huanzia upande wa Fort Jesus na kuelekea kaskazini karibu na bahari. Kutoka humo vichochoro hujikunja, hubanana, kisha hufunguka ghafla kwenye uwanja au ngazi zinazoteremka majini. Wajenzi wa zamani walivifanya vyembamba ili kuta zipeane kivuli na upepo wa bahari upenye kati yake. Kwa mchezo unaomtaka mtu atafute njia gizani, mpangilio huo ni hazina.

La pili ni majengo. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zikapambwa kwa milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Msikiti wa Mandhry unahesabiwa kuwa wa tangu karne ya 16. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO ikaiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ngome hiyo ilizingirwa na majeshi ya Oman kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Mchezo unaohusu mji uliozingirwa hauwezi kupata jengo linalofaa zaidi ya hilo.

La tatu ni watu na lugha. ODST iliondoa wakazi mitaani kwa kisingizio cha vita. Matokeo yake ni kwamba Mombasa imekuwa maarufu kama mji usio na Wamombasa. Nje ya nyumba nyingi za Mji wa Kale kuna baraza, yaani kikalio cha mawe ambapo wenyeji huketi jioni kwa mazungumzo, kahawa na habari za mjini. Badala ya mashine za mitaani zinazotoa rekodi za sauti, mwendelezo ungeweza kumfanya mchezaji aisake hadithi barazani, kwa watu wanaozungumza Kiswahili cha Mvita. Sauti nazo zina kazi. Adhana za misikiti, zinazopishana kwa muda mfupi kutoka kila upande, zingetosha kumwelekeza askari aliyepotea.

La nne ni ruhusa ya kutembea bila kupigana. Mwaka 2018 kampuni ya Ubisoft iliuongezea mchezo wake wa Assassin's Creed Origins sehemu ya matembezi ya kielimu, ambapo mchezaji huzuru Misri ya kale bila ya vita na kupewa maelezo ya kihistoria. Sehemu kama hiyo kuhusu Mombasa ingefaa kwa shule na kwa watalii, na hata kwa watoto wa Mombasa wenyewe.

Kilicho hatarini

Pengine mtu atauliza iwapo mchezo wa kubuni una wajibu wowote kwa mji halisi. Mfano wa Paris unatoa mwanga. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua Aprili 2019, watu wengi walirudi kuutazama mchezo wa Assassin's Creed Unity wa mwaka 2014, uliokuwa umelijenga kanisa hilo kwa uangalifu mkubwa. Mchezo huo haukuwa mchoro wa mafundi, lakini ulikuwa kumbukumbu ambayo mtu aliweza kuingia ndani yake na kutembea.

Mji wa Kale wa Mombasa unahitaji kumbukumbu za namna hiyo. Ingawa Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi inayoshughulikia uhifadhi wake, nyumba za zamani huzeeka, mbao huoza kwa unyevu wa chumvi, na saruji huchukua nafasi ya chokaa. Nyumba ikishabomolewa, hakuna ghorofa mpya itakayoirejesha.

Isitoshe, hakuna sababu ya kuwasubiri wageni pekee. Mwaka 2015 kampuni ya Kenya ya Black Division Games, iliyoanzishwa na Andrew Kaggia, ilitoa Nairobi X, mchezo wa nafsi ya kwanza unaoonyesha Nairobi ikivamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Mchezo huo ulithibitisha kwamba vijana wa humu nchini wanaweza kuujenga mji wao wenyewe ndani ya kompyuta. Iwapo Halo itarudi kisiwani, tumaini la msingi ni kwamba watu kama hao wataitwa mezani mapema, pamoja na wanahistoria na wazee wa Mji wa Kale, kabla ya mstari wa kwanza wa ramani kuchorwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mombasa imechezwa na ulimwengu tangu mwaka 2004. Kilichobaki ni mji huo kuchezwa kwao, kwa lugha yake na katika vichochoro vyake.